Mnong'onezaji

Kazi yangu ni kukaa nyuma ya pazia
na daftari, na tochi niliyoifunga kitambaa chekundu,
niwanong'oneze wachezaji maneno yanapowatoroka.
Kwenye tangazo jina langu halipo.
Kiti changu ni kreti ya bia iliyopinduliwa.

Jumamosi ile tulikuwa Kadutu, ukumbi wa parokia,
kiingilio franka elfu moja, watoto wa kupakatwa bure.
Zihindula alicheza karani wa ardhi
aliyegawa viwanja ukingoni mwa korongo
hadi usiku mmoja kilima kikashuka
na bintiye amelala huko chini, kwa rafiki.

Tendo la tatu. Wote wanatoka. Anabaki.
Hapo vijana wa nyuma walianza:
"Ule iko anaongea na nani?"
Siwalaumu.
Siku hizi mtu akisema peke yake njiani
tunamtazama sikio kwanza, tunatafuta waya.
Tusipouona, tunavuka barabara.

Na mvua ikaja juu ya bati,
mvua ya Bukavu, isiyobisha hodi.
Zihindula akasogea mbele, akajisemea:

*Peke yangu nimebaki, nyumba yote imelala,*
*Kilima hakishitaki, hushuka kisha kikala,*
*Wino wangu hautoki, japo naosha kwa sala,*

"Sema kwa nguvu, baba! Mvua inakufunika!"
Huyo Mama Nsimire, muuza sambaza, safu ya tatu.
Ukumbi ukacheka.
Kisha kicheko kikazimika chenyewe,
maana hakuna mtu wa Kadutu asiyejua
ni mvua ya saa ngapi inayoanza kusemezana na udongo.

*Mkono wenye sahihi,*

akasimama hapo.
Ukwapi umefika, utao haukuja.
Nikanong'ona. Bati likameza.
Nikanong'ona tena, nikigonga ubao kwa kidole.
Aliutazama mkono wake kama mtu aliyekabidhiwa
mtoto wa jirani na jirani hakurudi.
Nami sijui ni nini kilinipata,
miaka kumi na moja sijapandisha sauti nyuma ya pazia lile,
nikasema, sikunong'ona, nikasema:

*mkono huo ni wangu.*

Maneno yalitoka yakakosa mdomo.
Wa Zihindula ulikuwa umefungwa, kila mtu aliuona.
Basi yakazunguka ukumbini yakitafuta pa kukaa.
Simu zilizokuwa juu zikashuka, moja, halafu nyingi.
Mzee Cirhuza akautia mkono wa kuume mfukoni.
Mwanamke mmoja akamgeukia mumewe,
kisha akajuta kugeuka.
Kijana aliyeuliza *anaongea na nani*
hakuuliza tena.

Nimelifikiria sana jambo hili.
Mchezaji akitugeukia akatuhubiria,
tunakunja mikono, tunapima, tunamkosoa viatu.
Lakini huyu hakutuita.
Aliacha mlango wazi kidogo, kama mgonjwa,
tukachungulia,
na aliyelala kitandani alikuwa na sura ya nyumbani.

Baadaye walinipongeza.
Ile sauti! Mbinu safi! Mwongozaji
anataka ibaki vilevile kila usiku,
Zihindula anyamaze, mimi niseme.
Nikakubali. Nikala sambusa yangu. Nikapanda mlima kwa miguu,
viatu mkononi, tope hadi kifundoni.

Jumatatu saa mbili niko kibandani kwangu, Nyawera,
nyuma ya taipureta ya marehemu baba.
Hamkuniuliza mchana nafanya nini.
Napiga chapa hati za kuuziana viwanja,
nakala tatu, nafasi ya sahihi naiacha tupu.
Sijawahi kwenda kuviona viwanja vyenyewe.
Mashine ni nzima, ila herufi moja ina kasoro:
nikiandika muuzaji, mnunuzi, mpaka, mlima,
ile ya kwanza inajirudia yenyewe,
*mm*,
kama mtu anayeitikia.